Shuka Lenye Uzi Mwekundu

Shangazi yangu ana dawa ya kila ugonjwa na picha ya kila uvumi. Asubuhi, kabla mashine za duka lake la kufulia hazijajaa maji, simu za ukoo mzima huwa zimeshalia.

Siku hiyo alituma picha ya watu waliolala kwenye sakafu ya darasa, ubao wa hesabu juu yao. Chini yake paliandikwa: "Wageni wamevamia shule. Watoto wetu wasome wapi?" Maneno hayakuwa yake. Alitumiwa, naye akatuma, kwani kusoma vizuri kunachelewesha.

Ningeipuuza, lakini kwenye chumba cha nyuma ya duka anakaa Mama Pasi, anayetunyooshea nguo tangu alipovuka mpaka. Shangazi akamfuata pale pale kwenye meza ya pasi.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Ila mwezi ukiisha nitakihitaji chumba changu."

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa wewe, ni wenzako. Leo shule, kesho nyumba zetu. Lisemwalo lipo."

Mama Pasi alimalizia kola ya shati alilokuwa nalo, akalikunja, akachomoa waya wa pasi ukutani, akaenda kufungasha. Mimi nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

Nikaifungua ile picha nitafute pa kubishia. Nikaikuza. Mbele kabisa alilala mwanamke kwa ubavu, ametupa mgongo, kajifunika shuka. Kwenye pindo la shuka palikuwa na nyuzi mbili nyekundu zilizopishana.

Hiyo ni alama yetu. Kila nguo inayoingia dukani hushonewa uzi pembeni isije ikapotea, na nyekundu ni ya mashuka. Shangazi hushona mwenyewe, hamwachii mtu. Mwaka ule mto ulipoingia mtaani, mimi nikiwa mdogo, aliliacha kabati lake likaelea akaokoa mashuka ya wateja. Tulihifadhiwa shuleni, watu wakatetemeka kwa baridi, akawagawia. Maji yalipokauka aliyafua upya akayarudisha, na wateja hawajui mpaka leo.

"Shangazi, vaa miwani."

"Ya nini? Mwenye macho haambiwi tazama."

"Huambiwa, kama miwani ameiacha kwenye droo."

Akavaa huku akininung'unikia. Alianza kuuona uzi. Kidole chake kikapanda taratibu mpaka begani, mpaka kwenye nywele.

"Huyu ni mimi," alisema.

Ile methali ya nyani na kundu lake ilinifika mdomoni, nikaimeza, maana uso wake ulikuwa umeshuka. Chini ya picha shemeji yake alikuwa ameshaandika: "Huyo wa mbele ndiye kiongozi wao. Mwoneni alivyojibweteka." Shangazi alisoma, akarudia kusoma.

"Nilikuwa nimelowa mpaka mifupa," alisema. "Na hapo kifuani nimekukumbatia wewe."

Nilimwonea huruma, na hasira bado nilikuwa nayo. Aliondoka na simu mkononi, nikamfuata nyuma. Mama Pasi alikuwa amekaa juu ya begi lake, godoro limeshafungwa kamba, anafuta macho.

"Samahani, mama. Nilikuwa naongea na mama yangu. Ile picha imemfika hata kule nyumbani. Wamemwambia ndivyo tunavyolala huku. Analia, hataki kunisikiliza. Anasema yule wa mbele ni mimi, ati mgongo wa mwanawe haupotei machoni."

Shangazi akaingia, akajibana kando yake juu ya lile begi.

"Mpigie tena," alisema. "Mwambie yule ni mimi. Mwambie wewe una chumba."