Kikombe Kwenye Kigoda

Baba alipoanguka kutoka dari la ghala, tunakoweka nyasi kavu za mifugo, mtu wa kwanza ambaye Mama alimtaka hakuwa daktari. Alinituma mbio hadi kwenye kibanda cha simu, kule mwisho wa shamba, maana kanisa letu haliruhusu simu ndani ya nyumba, nimpigie Saloma.

Saloma ni dada yangu mkubwa. Wakati ule alikuwa anakaa mjini, anavaa suruali, anasoma chuo, na kanisa lilikuwa limeshamtenga. Kwetu mtu hubatizwa akiwa mkubwa, kwa kiapo chake mwenyewe. Angeondoka kabla ya kubatizwa, watu wangehuzunika tu. Yeye alibatizwa kwanza, ndipo akaondoka, na kwetu huko ni kuvunja kiapo.

Alifika siku hiyo hiyo na hakurudi chuoni hadi theluji ilipoyeyuka. Nyonga ya Baba ilivunjika, mkono wa kulia ukafa ganzi, kisha kifua nacho kikaanza. Saloma ndiye aliyejua kumgeuza bila kumuumiza. Kugeuzwa Baba alikubali. Kupokea kitu kutoka mkononi mwake hakukubali, kwa sababu aliyetengwa unaweza kumpa, lakini hupokei kwake. Basi Saloma aliweka kikombe cha dawa kwenye kigoda, akarudisha mkono wake. Mimi nilikuwa sijabatizwa bado na sheria hiyo hainibani, kwa hiyo nilikichukua nikampa Baba. Kikombe kile kile, dawa ile ile. Nilitazama hayo majira yote ya baridi na sikusema kitu, maana mimi ni mtu wa kutazama.

Mwaka uliofuata Baba alipasuliwa tena, na Saloma akaacha masomo tena.

Chuo hakiandiki kwamba mtu alikuwa anamuuguza baba yake. Kinaandika W, maana yake alijisajili kisha akajitoa. Karatasi ya matokeo ya Saloma ina alama nzuri tupu, halafu W kwenye kemia, W kwenye somo la viungo vya mwili, na chini yake mstari mwingine wa W.

Alikuwa anataka kuwa daktari msaidizi, yule anayepima, anayeandika dawa, anayeshona majeraha chini ya daktari. Alitaka kufanya kazi hapa hapa kwetu, ambako kuna wazee wanaofia vyumbani kwa aibu ya kumweleza mgeni wanaumwa wapi. Mwaka wa kwanza aliomba, hakuna shule iliyomwita. Mwaka wa pili ikamwita moja tu, aende akahojiwe.

Darlene alitupeleka. Ni jirani yetu, Mwingereza, kama tunavyowaita wote wasio wa kwetu hata kama babu zao walitoka Italia. Huwa anatupeleka sokoni na hospitali kwa gari lake, maana sisi hatumiliki magari, na mdomo wake haupumziki.

"Haya, mimi ndiye mkubwa wa shule," alisema tukiwa njiani, amekaza sauti. "Dada Saloma Hershberger, hizi W zimekaa hapa kama kunguru kwenye waya. Ni za nini?"

"Nilijitoa," Saloma akasema.

"Kwa nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mambo ya nyumbani! Hata mimi nikichelewa kazini huwa ni mambo ya nyumbani. Waambie baba yako alivunjika! Waambie ulimsafisha na kumlisha! Toa na chozi kidogo, mama, chozi halilipiwi kodi."

Nilicheka. Saloma hakucheka. "Siwezi kumtumia Baba kujitafutia nafasi," akasema.

"Yeye si alikutumia wewe?"

"Darlene, tazama barabara."

Walipomwita ndani, sisi tulibaki garini tukila mkate na soseji niliyofungasha. Alipotoka alikuwa ametulia sana, na mimi namjua, utulivu ule haukuwa wa furaha.

"Wameziuliza?" Darlene akamwahi hata mlango haujafungwa.

"Wameziuliza."

"Ukasema nini?"

"Nikasema kosa ni langu. Nilianza kitu na sikukimaliza, tena mara mbili. Nikasema sina cha kujitetea."

Darlene aliachia usukani. "Sina cha kujitetea? Wewe mwanamke, umelogwa? Unacho! Kimekaa nyumbani kwenye kiti kinakunywa kahawa!"

"Walikuwa watatu. Yule mama aliyekaa katikati akaniuliza kama kuna la kuongeza. Nikasema hapana." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nilikuwa nimejiandaa kusema, Darlene. Maneno niliyapanga. Waliponitazama wote watatu kwa pamoja, yakatoka yale mengine."

Darlene hakuelewa. Mimi nilielewa. Kwetu ukiitwa mbele ya kanisa kwa kosa, unapiga magoti na kusema nimekosa. Husemi kwa sababu gani. Anayetoa sababu anahesabiwa mwenye kiburi, anarudishwa akajifikirie. Asiyetoa anainuliwa kwa mkono, anapewa amani, na habari inaishia hapo. Saloma alifunzwa hivyo tangu anajifunza kutembea. Amevua nguo zetu zote, lakini hilo hakuliacha mlangoni.

"Wale si wazee wa kanisa," nikamwambia polepole.

"Najua," akasema. "Nilijua nilipofika kwenye ngazi, nikitoka."

Hakuna aliyemwinua kwa mkono. Waliandika walichosikia: mtu huyu ameanza mara mbili akaacha, mwenyewe anakiri.

Jibu lilikuja majani yalipokwisha kupukutika. Nilikwenda kwenye kibanda cha simu kusikiliza ujumbe, nikakuta sauti ya Saloma kati ya ujumbe wa muuza mbegu na wa shangazi. "Wamekataa. Wamesema wana wasiwasi kama nitamaliza. Mwambie Mama. Shule nyingine hakuna iliyoita." Kisha akauliza: "Baba anafanya mazoezi ya mkono? Usimwache alegee."

Nilirudi jikoni. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, Mama anamenya viazi. Nikawaambia.

Mama aliacha kumenya. Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata habari ya mvua nzuri.

"Pengine sasa atarudi," akasema. "Mungu ana njia zake."

"Ni wewe, Baba," nikasema.

"Mimi nini?"

"Wana wasiwasi kwamba hamalizi alichoanza. Hakumaliza kwa sababu yako."

"Sikumwita mimi," Baba akasema. Na ni kweli, nilimwita mimi, kwa agizo la Mama. Akaninyooshea mkono wa kushoto. "Niletee kahawa."

Nilimimina kahawa, nikaongeza maziwa anavyopenda. Nikaenda hadi alipo, nikaweka kikombe kwenye kigoda kile kile, upande wa kulia, upande wa mkono unaomsumbua. Kisha nikarudisha mikono yangu chini ya aproni, kama Saloma alivyokuwa akirudisha wake.

Baba alitazama kikombe. Akanitazama mimi. Mkono wake ulikuwa bado hewani.

"Nipe," akasema.

Mama hakuinua kichwa. Akaanza kumenya tena. Kahawa ilikuwa inatoa mvuke, nami nikasimama pale pale, nikatazama mpaka mvuke ukaisha.