Ukuta wa Kusini wa Ukumbi wa Ndugu

Saa nne asubuhi, siku ya kuadhimisha miaka hamsini ya ukumbi wa Ndugu, chama cha wanaume wa Kicheki, wanawake kumi na wawili walikuwa jikoni wakimenya viazi, na bata bukini sita walikuwa tayari motoni. Božena Vondra, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, hakumenya. Alisimama mlangoni mwa chumba cha katibu, ameshika karatasi yenye majina tisa aliyoyaandika mwenyewe kwa penseli.

Alimkumbusha katibu, Alois Hruška, jambo ambalo Wacheki wote wa upande ule wa Nebraska walilijua: katika mwaka wa ujenzi, wanaume walipokwenda kupura ngano kwa wiki tatu, wanawake tisa walifyatua matofali ya ukuta wa kusini na kuujenga hadi juu kabla ya theluji. Wanane walikwisha kufa, mama yake akiwa mmoja wao; wa tisa alikuwa yeye. Aliomba majina yao yasomwe leo, kwa kuwa historia ya ukumbi aliyoiandika Alois ingesomwa mara moja tu, kisha ingefungiwa ndani ya jiwe la msingi.

"Shangazi, hao walisaidia tu," alisema Alois. "Nikianza kuandika waliosaidia, si itabidi nimwandike na farasi aliyevuta maji?"

"Mwandike. Alifanya kazi kuliko baba yako."

Alois alicheka, akaiweka karatasi chini ya kikombe chake cha kahawa.

Mchana, aliposoma kwamba ndugu walizijenga kuta zote nne kwa mikono yao, ukuta wa kusini uliondoka. Ulikwenda polepole, pamoja na madirisha yake matatu na makoti yaliyotundikwa juu yake, ukavuka barabara, ukasimama katika shamba la mahindi la Božena. Paa lilibaki mahali pake. Mwenyekiti aliwaomba waliokaa upande wa upepo wavae kofia, na katibu akaendelea kusoma. Supu ilipoa upesi. Wanawake wakairudisha jikoni kuipasha moto.

Baada ya chakula wanaume walifuata makoti yao shambani. Božena alikuwa hapo, kiganja chake juu ya tofali lenye alama za vidole vya mama yake. Mmoja alimwuliza kama ukuta ungekaa hadi wakati wa kupanda. Alijibu kwamba haukumwambia.

Kabla ya jiwe kufungwa, Alois, ambaye alikuwa katibu mwangalifu, aliongeza sentensi moja mwishoni mwa historia: kwamba katika mwaka wa hamsini ndugu waliuhamisha ukuta wa kusini kwa mikono yao, bila msaada wa mtu yeyote.