Magharibi Mbili za Ikungi

Kwa watumiaji wote wa barabara ya Mkiwa hadi Singida: ninatangaza rasmi kwamba mimi, Abdulmajidi, mwanafunzi wa kidato cha tatu na mkazi wa bweni, ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kurusha matangazo kutoka gari moja hadi jingine, yote mawili yakiwa mwendoni. Kituo changu kilikuwa na wasikilizaji watatu na kilidumu kwa tuta moja.

Mitambo ilikuwa hivi. Mbele ilikwenda Noah ya baba mdogo Rahimu, ikiwa na yeye, shangazi Radhia na bibi yetu Kuluthumu, ambaye tulikwenda kumchukua Itigi aje kula Idi mjini. Nyuma ilifuata pikapu yenye ndoo za asali, dereva kaka Mselemu, abiria mimi. Mchana, wakati tunapakia kule Itigi, niliunganisha simu yangu na redio ya Noah kwa blututhi ili bibi asikilize kasida. Tangu hapo redio ile ikanizoea. Kila simu yangu ilipoikaribia, ilijiunga yenyewe. Barabarani haikuwezekana, kwa sababu blututhi haivuki hatua chache. Lakini kwenye matuta Noah hunyata, na Mselemu huendesha kama mtu anayetaka kunusa namba ya gari la mbele.

Ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani. Miaka miwili mfululizo daktari alimkataza bibi kufunga kwa sababu ya presha. Mwaka huu alimruhusu, na bibi hakuacha hata siku moja. Kila tuliposimama njiani alisema jambo lilelile: Mungu amfikishe, azimalize zote, hata kama ndiyo mara yake ya mwisho.

Sikumlenga bibi. Nilimlenga baba mdogo, ambaye tangu asubuhi alinihutubia juu ya vijana wa leo na utovu wao wa umakini. Mpango ulikuwa asikie adhana kabla ya wakati, atazame saa, ajione mjinga kidogo. Mawingu yalikuwa mazito na jua hatukuliona tangu alasiri. Sikujua kwamba saa ya Noah haikurekebishwa tangu wabadilishe betri. Tena sikufikiria kwamba watu wenye njaa hawaikagui adhana.

Kwenye tuta la kuingilia Ikungi, simu ikashika. Nikabonyeza adhana niliyokuwa nimeihifadhi.

Kupitia kioo cha nyuma cha Noah niliona mambo yote bila sauti. Shangazi Radhia alifungua kopo la tende. Bibi aliinua mikono, akaomba, akala, akanywa maji taratibu. Baba mdogo alikula akiwa ameshika usukani. Hakuna aliyetazama saa.

"Mbona wanakula?" Mselemu akauliza.

"Labda ni dawa."

"Dawa ya watu watatu?"



Tulisimama karibu na msikiti, pikapu ikiwa imeegeshwa nyuma kabisa ya Noah. Hatujafunga milango, adhana ikatoka kwenye vipaza sauti vya msikiti.

"Na hii ni ya nini?" shangazi Radhia akauliza.

Baba mdogo alitazama simu yake, kisha akatazama kopo la tende. "Hii ndiyo yenyewe. Ile ilikuwa ya redio. Siku hizi wanaweka watoto kwenye mitambo. Nawapigia sasa hivi, watanieleza."

Bibi alikuwa bado ameshika kokwa ya tende. "Basi saumu yangu imeharibika," akasema polepole. "Nilikuwa nimebakiza kidogo tu."

Nilitafakari kwa utulivu. Redio ingebeba lawama bila kudhurika, nami ningekula Idi kwa amani. Nikaanza kukagua kamba za ndoo za asali.

"Ngoja nione ni stesheni gani." Baba mdogo aliinama ndani ya gari, akasoma kwenye kioo cha redio. "Imeandikwa 'Shehe Majidi Orijino'."

Ndilo jina nililoipa simu yangu.

"Hiyo huna haja ya kuipigia," shangazi Radhia akasema. "Mwenye kituo yuko pale, anahesabu ndoo."

Baba mdogo alivua miwani. Bibi alimwinulia mkono anyamaze.

"Mume wangu," akaniita, kama anavyoniita siku zote. "Njoo hapa."

"Shikamoo, bibi." Nilikwisha kumwamkia asubuhi.

"Marahaba. Ni wewe uliyeadhini?"

"Ni mimi. Nilimkusudia baba mdogo."

"Ikafika kwangu."

"Ikafika kwako, bibi. Nisamehe."

Aliitupa kokwa majanini. "Nitailipa baada ya Idi. Na wewe utafunga nami siku hiyo, siwezi kuamka kula daku peke yangu wakati nina mume."

"Sawa, bibi."

"Haitakuumiza. Mbona hizi zote umefunga vizuri."

Mselemu akakohoa. Bibi akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Leo umefungua na nini, mume wangu?"

Muadhini alikuwa amemaliza. Watu walikuwa wakiingia msikitini, na baba mdogo hakuwa na haraka ya kuwafuata.

"Sijafungua, bibi," nikasema. "Nilikula maandazi mchana, kule Itigi, nyuma ya ghala la asali. Na jana nilikula. Na juzi pia."