Ufa wa Mama Lipu

Darasani walimwita Mama Lipu, kwa kuwa alikuwa amepiga lipu majumba ya watu kwa miaka ishirini na minane, mpaka mgongo ukamgomea. Sasa alikuwa akijifunza kutengeneza picha kwa kumwaga rangi juu ya turubai, na ubishi wa kazini alikuja nao mzima mzima.

Siku hiyo alikuta picha yake imepasuka nyufa tatu, katikati kabisa. Mwalimu, kijana wa kola iliyonyooka, hakuuma maneno.

"Tupa, mama. Maonyesho ni wiki mbili zijazo, na mimi situndiki kitu chenye ufa. Tutaweka za wenzako."

Wenzake wakacheka. Damu ikamchemka. Yeye wa kufundishwa ufa?

"Situpi," akasema. "Nipe hizo wiki mbili."

Ila tuseme ukweli, kosa lilikuwa lake. Rangi aliimwaga nene kama lipu, kisha akainyunyizia maji asubuhi na jioni, vile saruji mbichi inavyotunzwa isipasuke. Mwishowe, kwa kukosa subira, akaiwashia feni. Nyumbani aliibonyeza kwa kucha kando ya ufa. Juu pagumu, chini bado uji. Akajitukana kimoyomoyo, kisha akakunja mikono ya gauni.

Aliiacha siku tano mpaka ikakauka hadi ndani. Akaziba nyufa kwa rojo zito la kuzibia, kidogo kidogo kwa ncha ya kisu. Ilipokauka akapitisha msasa laini. Akachanganya rangi mpya na gundi ya kuilainisha, safari hii bila tone la maji, akamimina nyembamba na kuinamisha turubai mpaka ya ziada ikachuruzika. Akapima usawa wa meza kwa pima maji, akaweka karatasi ngumu chini ya mguu mmoja. Juu akafunika boksi, ameacha upenyo wa kidole, ikauke polepole.

"Dada, tutakula wapi?" mdogo wake akalalamika.

"Magotini."

"Basi niwashe feni, nakufa na joto."

"Uiguse uone! Kajipepee nje."

Siku ya maonyesho mwalimu alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya picha kutoka pembe hadi pembe. Akarudia. Kiganja hakikukwama popote.

"Hii umemwaga nyingine, mama."

"Igeuze."

Nyuma palikuwa na saini yake mwenyewe mwalimu, aliyoiweka siku ya kugawa turubai. Akakohoa.

"Haya, tutaitafutia nafasi kule nyuma ya mlango."

Mama Lipu alikuwa ameshatoa nyundo kwenye mkoba, anaelekea ukuta wa mbele. Akamgeukia.

"Kuta za watu nimezinyoosha miaka ishirini na minane, mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akazitazama. Hii wataitazama. Nishikie misumari."

Mwalimu akaangaza huku na huku, kisha akakinga mkono.