Maneno Yaliyoshuka na Udongo

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mkwe wa Mama Usafi alifagia uwanja. Alianzia mlangoni akarudi kinyumenyume hadi langoni, akiacha mistari ya fagio imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Ukoka ukithubutu kuchungulia aliuchimbua kwa ncha ya kisu, akautupa juu ya ukuta ukaukie huko. Mama Usafi alisimama barazani na kikombe chake, akikagua. Kwake yeye, uwanja wenye nyasi ni uwanja wa nyumba yenye mwanamke mvivu, na mtaa mzima ulikuwa na imani hiyohiyo. Ndiyo maana walimpa jina hilo, naye akalipokea kama cheo.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho juu kabisa ya mteremko. Kwa kufagiwa miaka nenda miaka rudi, uwanja ulikuwa umeshuka. Kizingiti ambacho yeye alikivuka siku ya harusi yake kwa hatua ya kawaida, sasa kilipandwa kwa ngazi ya matofali, na msingi ulikuwa nje kama ufizi wa mzee anayecheka. Hakuna aliyeona tabu. Wageni walisema nyumba imepanda.

Udongo uliotoka pale haukupotea. Ulishukia kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa msusi, na alipanga chumba cha mbele chini ya mteremko. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Usafi, kwa hiyo alikuwa shangazi halali wa mtu mmoja tu, yaani mwana wa Mama Usafi, dereva wa lori ambaye muda wote yuko njiani. Mtaa uliazima jina na haukulirudisha. Saluni yake ilikuwa na viti vya plastiki, kioo chenye ufa uliomkata kila mteja shingo, na benchi la watu wasiosuka chochote. Benchi ndilo lililojaa kwanza.

Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilinyesha mchana. Tope jekundu lilishuka na njia, likafika kizingitini kwa Shangazi, likatulia, likasema kwa sauti ya Mama Usafi, "Nani kamaliza sukari?"

Muuza mitumba, aliyekuwa amekaa chini katikati ya magoti ya Shangazi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alisema bila kugeuka kwamba jibu la swali hilo liko wazi, maana yule mkwe chai yake huwa inasimama wima na kijiko ndani. Mwingine akamtetea mkwe. Benchi likagawanyika pande mbili, na tope likauliza habari ya sukari mara ya pili kabla halijakauka.

Kwamba tope linasema halikuwa jambo la kujadili. Neno likishatoka mdomoni lazima litue mahali, na likitua chini, cha kulishika ni mizizi. Ukoka hushona udongo kwa ndani kama mtu anayeshona godoro, na uwanja wenye ukoka humeza yote yanayosemwa juu yake, ukakaa nayo kimya kama mtu mwenye adabu zake. Uwanja wa Mama Usafi haukuwa na uzi hata mmoja.

Udongo wa juu ndio mpya, kwa hiyo mvua za mwanzo zilileta ya juzi: sukari, rimoti iliyopotea, mkwe kuambiwa anakanyaga kama tembo. Zilizofuata zikachimba chini zaidi. Ikaja harusi ya dereva, pamoja na maneno ambayo Mama Usafi aliyasema pembeni kuhusu kimo cha bibi harusi. Yakaja magomvi yake na jirani aliyehama. Kadiri mvua zilivyoendelea, sauti yake ikawa changa zaidi, hata ikafika mahali benchi wakaanza kuipenda. Walisema alikuwa na kicheko kizuri sana, sijui nani alikwenda nacho.

Habari zilipanda mteremko zikamfikia mwenyewe. Mama Usafi aliona tatizo ni moja, nalo ni uchafu. Kama uwanja unatoa maneno machafu, basi haujafagiwa vya kutosha. Akaamuru ufagiwe na jioni pia. Mkwe akafagia asubuhi na jioni, udongo ukalegea kama unga, na kila mvua ikachukua tabaka nene kuliko la jana.

Hapo Shangazi akaanza kusuka polepole.

Alikuwa na kisa chake, na benchi walikijua kama wanavyojua wimbo wa zamani. Alipokuwa msichana alimuuguza mama yake mpaka mwisho, na mama akampa kiwanja kile cha juu. Baadaye akaenda mji wa mbali kufua nguo za watu. Kaka yake akamwambia nenda tu, mimi nipo. Aliporudi alikuta nyumba yenye mapazia, na kaka akamtazama kwa huruma akamwambia, dada, uliota. Alikuwa mtu asiyepaza sauti, na mtaa humwamini mtu asiyepaza sauti. Wifi yake naye akasema hivyohivyo: wifi, uliota, homa ya mama ilikuchosha. Mwanzoni Shangazi alibisha. Halafu kisa chake kikaanza kuingiwa na neno "nadhani". Nadhani mama aliniita. Nadhani kaka alikuwepo. Siku hizi alikisimulia chote kwa nadhani, na hicho tu ndicho alichotaka kujua kabla ya kufa: kama alikuwa macho au la.

Kaka alifika mvua zilipochanganya. Tope lilisema kwa sauti ya kiume, ya chini, "Mawe yaleteni upande huu, mchanga mwageni kule." Chanuo likasimama kichwani mwa mteja. Shangazi aliwaomba watu wanyamaze, jambo ambalo halikuwahi kuombwa katika saluni ile. Kaka alijenga nyumba nzima pale mlangoni, tofali baada ya tofali, akigombana na fundi kuhusu madirisha. Kabla haujafika siku za nyuma ya ujenzi, udongo uliolegea ukaisha. Yalibaki maji.

Muuza mitumba alisema pole. Shangazi akasema hapana, kaka yake hakuyasema yale maneno ya kiwanja akiwa amesimama kwenye udongo. Alikuwa amekaa kwenye jiwe. Kisha, kwa mazoea, akaongeza, "Nadhani."

Jiwe lilikuwepo. Lilikuwa kwenye kona ya uwanja wa Mama Usafi, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na halifagiki. Miaka kadhaa nyuma ndege alidondosha mbegu ya mkuyu kwenye ufa wake. Mama Usafi aliukata mche, ukarudi. Aliumwagia maji ya moto, ukarudi. Aliumwagia mafuta ya taa, ukanyauka wiki mbili, halafu ukarudi na majani mapana zaidi. Alichokuwa akikata ni shina, na shina halikuwa na haraka. Kazi ilikuwa ndani. Mzizi ulioingia mwembamba kama uzi ulikuwa umenenepa kama kidole, halafu kama mkono, ukisukuma pande zote mbili, huku ncha zake zikitoa ute mkali kama ndimu, ukililegeza jiwe punje kwa punje. Mtu akiweka sikio usiku, alisema mkwe, alisikia kama mtu anayetafuna karanga na mdomo umefungwa.

Baada ya mvua moja ya asubuhi jiwe lilifunguka. Halikupasuka kwa kishindo, lilifunguka tu, nusu moja huku na nusu nyingine kule, katikati mkuyu umesimama. Kilichokuwa kati kilikuwa changarawe na unga, na kwa kuwa chini yake hakukuwa na nyasi ya kukizuia, kikashuka na maji mpaka kwa Shangazi.

Shangazi alizoa changarawe ile ndani ya karai. Akachota maji kwa kikombe, akamimina juu.

"Nenda dada, kafanye kazi kwa amani," changarawe ikasema. "Kiwanja ni chako, mama alikupa mbele yangu. Mimi nakulindia tu."

 Mteja aliyekuwa mbele ya kioo alishika nywele zake zisije zikafumuka.

"Kumbe hukuota," alisema muuza mitumba.

"Hapana," alisema Shangazi. "Nilikuwa macho."

Akarudi kusuka. Ile siku alisuka vichwa vyote bila kuumiza mtu.

Mama Usafi alishuka jioni, kanga mabegani, akasimama mlangoni kwa sababu viti vyote vilikuwa na watu na hakuna aliyetaka kupoteza nafasi yake.

"Wifi," alisema, "huo udongo ni wangu. Umetoka kwangu."

"Na maneno je, wifi?"

"Maneno ni ya mume wangu."

"Aliniambia mimi."

Mama Usafi aliinamia karai. Alisema sauti ile hakuwa ameisikia tangu msiba, na kama wifi yake hatajali, angeomba aisikie. Shangazi akamimina maji. Wakasikiliza wote wawili. Mama Usafi akajifuta macho kwa pindo la kanga, akasema marehemu alikuwa na sauti nzuri, akapanda zake nyumbani kwake, akafunga lango.

Mwenyekiti wa mtaa aliitwa. Alikuja na mwavuli, akaamkia karai, kwa kuwa yeye na marehemu walicheza drafti pamoja na sauti aliijua. Akataka kusikia mara ya pili. Akakiri kwamba udongo umesema kweli na hana shaka hata chembe. Tatizo, alisema, ni kwamba shahidi lazima aulizwe maswali, na huyu ukimuuliza anarudia tu aliyoyasema. Pia hajui tutamwapisha kwa kushika nini, maana mikono hana. Akaendelea kueleza kuwa kwa hali ilivyo, Shangazi ana maneno na wifi yake ana nyumba. Kila mmoja ana kitu, na ndugu wasigombane. Benchi waliona hukumu ni mbaya lakini imesemwa vizuri. Wakamsindikiza mpaka njiani.

Siku ya pili yake mkwe alimwambia mama mkwe wake jambo. Nyuma ya bafu, maji machafu yanakopita, hakuwahi kung'oa ukoka kwa sababu hapaonekani. Kutoka huko hakujashuka neno hata moja.

"Umejuaje?" aliuliza Mama Usafi.

"Huko ndiko nilikokuwa nakwenda kukusema, mama."

Mama Usafi alilifikiria, akaona lina maana. Fagio likatundikwa. Ukoka ukachimbuliwa nyuma ya bafu ukapandwa mbele, pingili baada ya pingili, kutoka langoni mpaka kwenye ngazi ya matofali na kuzunguka mawe mawili ya mkuyu. Ukashika. Mvua zilizofuata uwanja ulikuwa kijani kibichi, na watu walipanda mteremko kuutazama. Walisema kweli huyu mama ni msafi. Nyumba nyingine nazo zikaanza kuuliza mbegu.

Kule chini, karai lilikuwa linapungua. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kusikiliza, wengine wakiwa na viti vyao, na Shangazi hakuwa na roho ya kumnyima mtu. Lakini jiwe likishaoza haliachi kuoza. Kila lilipomwagiwa maji lilizidi kulainika, na maji yale yakimwagwa yalikwenda mtaroni na kitu. Kwanza lilipotea "kwa amani". Halafu likapotea "dada". Baada ya muda changarawe ilikuwa uji mwekundu, ikisema kwa shida, "Mama alikupa. Nakulindia."

Mkwe alishuka asubuhi moja na kapu la ukoka, akaingia bila kubisha hodi. Muuza mitumba alikuwepo, na alinyamaza, jambo lililoonyesha uzito wa ziara.

"Shangazi," alisema mkwe, "pandia. Yakiisha haya, hata cha kubishia hakitakuwepo."

"Nikipandia nitasikiaje?"

"Hutasikia. Ila yatakuwepo."

Shangazi alimuuliza kama ametumwa. Mkwe akasema hapana. Akaulizwa kwa nini basi asimwambie mumewe kwamba nyumba anayolala si yake. Mkwe akasema amemwambia, kwenye simu, na mumewe akasema mtandao unakatika.

Shangazi alicheka kidogo. Akabeba karai mpaka pembeni ya kizingiti, palipokuwa na kijishimo, akalimimina taratibu, akakung'uta. Mkwe akachomeka pingili. Muuza mitumba, ambaye hakuwa amevaa nguo za kupandia, akapiga magoti akasaidia. Walipomaliza, Shangazi akamwagia kikombe cha maji. Chini, kwa mbali, sauti ilisema, "Nakulindia."

"Nimesikia," alisema Shangazi.

Baada ya wiki chache ukoka ukafunga. Wasiosuka walianza kukalia hapo benchi linapojaa, wakizungumza habari za watu, na hakuna kilichotoka. Shangazi aliendelea kupanga kile chumba cha mbele, na kisa chake akakisimulia kwa kila mteja mgeni bila nadhani hata moja. Wote walimwamini, na wakilipa walimwambia pole.

Kiwanja kilibaki juu na maneno yakabaki chini. Kati yao ipo njia, na mvua ikinyesha siku hizi yanashuka maji matupu, safi kabisa, unaweza kuoshea vyombo.