Betri ya Chini ya Kitanda

Hili lilikuwa duka la nne tangu asubuhi, na Profesa alikuwa ameshachoka kusikia neno "kubwa".

Jina la Profesa alipewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, siku alipoanza masomo ya jioni. Lilitolewa kwa dhihaka, likaganda. Leo mfukoni alikuwa na karatasi iliyojaa hesabu za betri. Karatasi hiyo ilikuwa imeshachekwa katika maduka matatu, na kila mara shemeji ndiye aliyeanzisha.

Gari lao zamani lilisambaza mikate. Mumewe, seremala, alilinunua likiwa mkweche, akalitia kitanda, kabati, sinki na meza ya kukunja, likawa kijumba cha magurudumu. Injini ilikuwa na betri yake, haina neno. Iliyokuwa ikiwatesa ni ile ya pili, ya chini ya kitanda, inayowasha taa na vyombo vya ndani gari likiwa limeegeshwa. Miezi minne, betri mbili, zote marehemu.

Na safari ilikuwa Ijumaa. Siku mbili barabarani mpaka kwa mama yake Profesa, bibi ambaye mjukuu wake ametimiza miaka mitatu bila yeye kumpakata hata mara moja. Mtoto alikuwa na pumu. Asubuhi, mchana na jioni ilikuwa lazima avute dawa kwa mashine ya mvuke, na mashine inataka umeme. Mara ya mwisho walipojaribu kwenda, ilizimika dawa ikiwa nusu, wakageuza gari hawajafika hata robo ya njia. Bibi alikuwa ameshawatandikia kitanda.

Mumewe aliapa kwamba safari hii haitavunjika tena. Tatizo lilikuwa namna yake ya kununua. Seremala huyu akitaka kujua ubao mzuri huunyanyua, na ubao mzito kwake ndio ubao. Basi na betri alizinyanyua. Yeye na ndugu yake waliingia dukani, mmoja huku, mwingine kule, wakapima kwa mgongo huku wakiguna, kisha wakachukua iliyowavunja kiuno zaidi. Ndivyo walivyozipata zile mbili, zote za malori. Profesa alikuwa amewaeleza, tena kwa upole, kwamba betri ya lori imeundwa itoe nguvu nyingi kwa mpigo mmoja, iamshe injini, ipumzike. Ukiifanyisha kazi ya polepole kutwa, unaiua. Wakamsikiliza kama watu wanavyosikiliza redio ya jirani.

Muuza betri wa duka hili alikuwa bwana mnene mwenye aproni iliyotobolewa na asidi. Alimsalimia Profesa vizuri, akamwita dada, akamletea mtoto kigoda akae, kisha akamgeukia mumewe na kumuuliza anataka ya ukubwa gani.

"Kubwa," akasema shemeji.

Profesa akafumba macho.

Wakaonyeshwa ya ampea mia mbili. Bei yake ilikuwa mara tatu ya fedha walizokuwa nazo, pamoja na mchango wa shemeji. Wakaonyeshwa nyingine, kuukuu, iliyotolewa kwenye lori na kupakwa rangi mpaka ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Hiyo waliimudu. Mumewe akainama, akainyanyua, mishipa ya shingo ikamtoka, akatabasamu.

Profesa akauliza kama ni ya kuwashia injini au ya kazi ya polepole. Muuzaji akamjibu mumewe kwamba betri ni betri, mradi ina moto. Profesa akauliza habari ya dhamana. Muuzaji akamwambia mumewe kwamba dhamana ya mtumba ni Mungu mwenyewe. Profesa akatoa karatasi yake.

"Haya jamani, kengele imelia," akasema shemeji. "Tuingieni darasani."

Mumewe naye akacheka, kicheko kile cha mtu anayetaka mambo yaishe. Hicho ndicho kilichomuuma Profesa. Shemeji ndivyo alivyo. Lakini mumewe aliiona karatasi hiyo ikiandikwa, jioni tatu mfululizo, mezani pao.

Ndipo aliposikia kifua cha mtoto. Vumbi, au harufu ya asidi, au uchovu tu. Kilikuwa kimeanza kutoa kifilimbi. Profesa akafungua begi, akatoa mashine, na pamoja nayo inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na betri mpya za sola, zile za kazi ya polepole, za ampea sitini, ambazo hakuna aliyezitazama kwa sababu ya udogo wake.

"Niunganishie hiyo," akasema.

Muuzaji akamwambia umeme wa ukutani upo, dada, asijisumbue.

"Njiani hakuna ukuta."

Muuzaji akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameshapiga magoti kando ya kigoda, ameshika mgongo wa mtoto. Basi muuzaji akaipima betri kwa mita, akaunganisha nyaya. Mashine ikaunguruma. Dakika kumi na tano mtoto alivuta mvuke wake, na dukani hakuna aliyefanya mzaha. Dawa ilipokwisha muuzaji akapima tena. Mshale ulikuwa umeshuka kiasi cha kufikirika tu.

Kwa mara ya kwanza akamgeukia Profesa. "Kwa siku mnaitumia mara ngapi, dada?"

Maduka manne, na ndiyo kwanza anaulizwa. Akamwambia mara tatu, na taa moja jioni. Akamwonyesha karatasi: siku nzima haikuila hata robo ya betri ile, na gari likitembea ingejaa tena.

Muuzaji akasoma mpaka mwisho. "Sasa hiyo mia mbili ilikuwa ya nini?"

"Ya tivii," akasema Profesa. "Na friji ya soda za shemeji."

Kila mwisho wa juma shemeji alijifungia ndani ya gari kutazama mpira, kwa kuwa humo hakuna wa kumwambia asogee. Hakuwahi kuzima. Picha ilijizima yenyewe betri ikikauka, naye akajua muda wa kutoka umefika. Mumewe hakuwahi kumkataza. Kabati la tivii lile alilichonga kwa mkono wake, na wageni wote walilisifia.

Shemeji akauliza kama yeye hakuchanga. Profesa akamrudishia fedha zake, kiganjani, kwa adabu zote.

"Ahsante, shemeji. Hii ndogo tunaiweza wenyewe. Mpira utautazama sebuleni."

Shemeji akamtazama kaka yake amtetee. Kaka yake akamwomba muuzaji bisibisi, akatoka. Wakamsikia huko nje akihangaika na skrubu alizozikaza mwenyewe, kisha akarudi ameikumbatia tivii kifuani, nyaya zikiburuzika. Akamtwisha mdogo wake.

"Ijumaa tutoke alfajiri," akamwambia mkewe.

Hasira ya Profesa ilikuwa bado haijaisha. Miezi minne ni mingi kwa bibi anayetandika kitanda. Akamkabidhi mumewe mtoto, ambaye sasa alipumua bila kelele, akaenda kulipa.