Uzi Uliotii

Watu wakimwita marehemu mwongo, mimi damu inanichemka. Marehemu hawezi kujitetea, jamani!

Kazi yangu ni kurudia majaribio ya wanasayansi wa kale kwa vifaa kama vyao, nione kama waliyoandika yanawezekana. Mmoja wao, ninayemwita mzee wangu, aliyefariki karne nyingi zilizopita, alining'iniza kijiti kwenye uzi wa hariri, akakisogezea fimbo ya kioo iliyosuguliwa, akapima kilivyogeuka. Waliomfuata walishindwa kupata vipimo vyake, wakasema alivitunga. Nikaapa kumsafisha jina. Shahada yangu yote ya udaktari ilisimama hapo. Sharti lilikuwa moja tu: hakitumiki kitu ambacho yeye hakuwa nacho.

Hariri niliisokota mwenyewe hadi vidole vikachubuka. Mara inakatika, mara kijiti kinazunguka ovyo kama mlevi. Aliyekuwa akinifungia uzi ni mume wangu, fundi saa, maana mkono wake hautetemeki. Asubuhi moja kijiti kikatii. Vipimo vikaja vilevile vya mzee! Nilipiga vigelegele, nikamrukia mume wangu shingoni. Yeye akacheka kidogo tu.

Siku ya kutetea kazi yangu, profesa mgeni akaomba kipande cha uzi ule, akakiwasha kwa kiberiti. Hariri ikiungua hunuka kama nywele, na hubaki majivu. Huu ulijikunja, ukawa kitone kigumu.

"Mama, hii ni nailoni," akasema kwa upole.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nawaza ni nani aliyeushika. Uzi ule haukuguswa na mtu yeyote ila mimi na mume wangu.

Nilimkuta mezani kwake, lenzi jichoni, anahangaika na saa ya mtu.

"Uliubadilisha?"

Hakukana. "Ulikuwa huli, hulali, mke wangu. Nilikuonea huruma."

"Huruma gani hiyo! Umeniaibisha mbele za watu, na mzee wa watu umemzika mara ya pili! Kumbe na wewe ulimwona mwongo siku zote, ukanyamaza?"

Akavua lenzi, akaiweka chini.

"Hapana. Yule mzee nilimwamini kabisa," akasema. "Nilijua tu kwamba wewe huwezi."